Mlango Niliomwonyesha Mbodze

Kwanza ni viatu. Najua nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni mlitarajia nianze na historia, masultani na ngome, lakini mimi nimezunguka na wageni katika mitaa ya Mombasa kwa miaka ishirini na sita na sijamwona hata mmoja aliyerudi hotelini Diani akilalamikia historia. Walilalamikia malengelenge. Mgeni akija na kandambili, mrudishe chumbani akabadilishe kabla hamjafika Likoni, na asipotaka, beba plasta.

Jina langu Mejumaa, mzaliwa wa Gazi, mkaazi wa Ukunda. Wengine mnanikumbuka kama Mama Meju, yule mama wa Kidigo aliyekuwa akivuka feri na kundi la Wazungu nyuma yake kama vifaranga. Goti la kushoto ndilo lililonistaafisha. Mdomo haukustaafu, na kwa kuwa mmeniuliza, basi kaeni mnisikilize.

Nilianza kazi nikiwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Siku moja mgeni aliniuliza kama Mombasa kuna Wahindi, nikamwambia Mombasa kuna kila mtu: Mabohora, Mabulushi, Washihiri, Magoa, Banyani, na Waswahili wenyewe ambao ukiwauliza kabila watakutajia mtaa. Akasema anataka kuwaona kwa miguu. Nikampeleka siku yangu ya mapumziko, nikapotea mara mbili, na mgeni akafurahi zaidi kwa kupotea kuliko kwa kufika. Mwezi uliofuata nilikuwa na wageni kila wiki, na msimamizi wangu wa vyumba pale hotelini akanipungia mkono wa kwaheri.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Bi Zuhura wa Kibokoni. Bi Zuhura hakuwa mtembeza wageni, alikuwa mpakaji wa hina. Hapakuwa na bibi harusi wa jamii yoyote katika Mji wa Kale na Makadara ambaye mikono yake haikupita mikononi mwa mwanamke huyu. Wanaume wa mitaa ile walijua milango, yeye alijua vyumba. Nilikutana naye nimesimama kichochoroni na wageni sita, natoa hotuba kwa sauti kubwa kama ya mnada. Akafungua dirisha la juu akasema, "Mwanangu, hapa ni pahali pa watu. Wapiga kelele hivyo kwenu?"

Nikamwomba radhi. Akaniambia nipande juu ninywe maji, na wageni wangu sita wakapanda nami. Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi wake.

Alinifundisha kwamba mtaa una hodi yake, kama nyumba. Ukiingia kichochoro, msalimie wa kwanza aliyekaa barazani, na kama ni mkubwa wako mpe shikamoo yake, hata kama hupendi sura yake. Nunua kitu kabla ya mgeni kutoa kamera: mabuyu, achari, viazi vya karai, chochote. Beba leso mbili za ziada, maana kila kundi lina mtu mmoja aliyesahau kwamba ana mapaja. Asubuhi pita upande huu wenye kivuli na alasiri upande ule, nanyi hamtahitaji kuwaambia wageni wavumilie jua. Na Ijumaa adhana ya mchana ikikaribia, waketishe watu mahali wanywe juisi ya ukwaju, msiwe mnapigana vikumbo na wanaokwenda kuswali.

Simu zenu haziwaambii hayo. Nimeiona ile ramani yenu ya simu, inajua kila kichochoro na haimjui mtu hata mmoja.

Lakini msidhani nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na wageni tisa, na katika kichochoro cha kwanza nikawafundisha kupiga vigelegele, wakapenda sana. Tukakata kona, nikaona turubali limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, masufuria makubwa mekoni, akina mama wamejaa. Nikawaambia, "Bahati yenu, harusi!" Wageni tisa wakapiga vigelegele kwa pamoja. Kichochoro kizima kikanyamaza. Mzee mmoja akaja taratibu, akaniambia bila hasira, "Mama, hapa tunamsomea marehemu hitima." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikaa miezi minne sipiti mtaa ule, na niliporudi nilirudi peke yangu, kwanza kuwapa pole.

Bi Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanifundisha kutumia pua. Turubali ni lile lile, masufuria ni yale yale ya kukodi. Lakini penye harusi utasikia asumini kabla hujakata kona, maana kila mwanamke amejitia kikuba cha maua yake. Matangani hakuna asumini. Pua ikikosa asumini, rudisha watu wako nyuma.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuwasimulia haya.

Kazi yetu ina ugonjwa wake, nao ni chumvi. Mgeni anakuuliza jambo usilolijua, amekutazama kwa macho ya hamu, nawe huna moyo wa kusema hujui. Basi unatia chumvi. Mimi nilikuwa na mlango mmoja Mkanyageni wenye alama nyeusi ya moto, na kwa miaka mitatu niliwaambia wageni kwamba Wareno waliuchoma. Bi Zuhura aliponisikia alinivuta pembeni. "Wareno gani? Pale binti Saidi aliegemeza jiko la makaa, na mamake akamchapa. Nilikuwapo." Kisha akaniambia, "Mtu akikuuliza usilolijua, sema hujui. Kutojua hakujamuua mtu." Nikaitika. Kuitika ni rahisi.

Miaka michache iliyopita, goti likiwa limeshaanza kulalamika, niliitwa na kikundi cha akina mama kumi na wanane, Waduruma wa Kinango. Walikuwa wamefanya mipango yao ya muda mrefu, na walitaka kutembea Mombasa kama watalii. Mwenyekiti wao aliniambia kwenye simu, "Mombasa twaijua sokoni na hospitalini basi. Na sisi twataka kwenda tuangalie watu tu, kama wale wanavyokuja kutuangalia sisi."

Sikuwahi kupata wageni kama wale. Wamevaa leso sare, wanasalimia kila mtu bila kufundishwa, wanauliza bei za vitu wasivyotaka. Fundi mmoja wa nguo aliyenizoea aliinua kichwa kutoka cherehani akaniuliza, "Mama Meju, Wazungu wameisha?" Nikamwambia wameisha, sasa tumebaki wenyewe. Walipoonja achari ya Mabohora mmoja aliruka kama aliyeumwa na siafu, wenzake wakacheka njia nzima.

Mmoja hakuwa akicheka. Alikuwa mrefu, wa umri wa miaka sitini hivi, akitembea nyuma ya wote na kutazama juu, kwenye roshani za nyumba. Jina lake Mbodze. Tulipopumzika kivulini Makadara alinijia, akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada, mtaa wa Mabulushi ni upi?"

"Ndio huu tulipo, dada yangu. Kuna unayemtafuta?"

Akaniambia. Mama yake, Nyamvula, alikuwa yaya katika nyumba moja ya Mabulushi hapa mjini kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuja kazini Mbodze akiwa hajaota meno, akamwacha kwa bibi yake Kinango, na alikuwa akirudi mara mbili kwa mwaka. Mama mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuwa mtu wa maneno, na kuhusu nyumba ile alisema machache tu: ya ghorofa moja, ina roshani ya mbao, baraza ya saruji nyekundu, na mabinti watano.

"Sitaki kuingia," Mbodze alisema. "Nataka kuona tu. Utoto wangu wote nilikuwa sijui nimfikirie wapi."

Wanangu, maneno hayo yalinikata. Niliwaacha wengine kivulini nikaanza kuuliza naye nyumba kwa nyumba. Wapangaji wapya, wenye duka wapya. Tukiuliza Nyamvula, hakuna anayemjua, na si ajabu, maana nyumba nyingi yaya huitwa yaya mpaka anaondoka. Saa moja ikapita. Akina mama wakaanza kunitumia ujumbe kwamba njaa inauma na gari la kuwarudisha Kinango linangoja ng'ambo ya Likoni. Na mwanamke yule alikuwa akinitazama kila tulipokata kona, kama mimi ndiye niliyeificha nyumba.

Tukafika penye nyumba ya ghorofa moja, roshani ya mbao, baraza nyekundu, kufuli mlangoni. Nikasema, "Dada Mbodze, ni hii."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alivua viatu. Akakaa barazani, akapitisha kiganja kwenye saruji polepole, kwenda na kurudi, akilia bila sauti. Mimi nilisimama pale nikijiona mtu mwema. Kisha akainama, akachota mchanga mbele ya kizingiti, akaufunga kwenye pindo la leso.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Nitaupeleka kwenye kaburi la mama. Sehemu hizi mbili zikutane."

Hapo ndipo wema wangu ulipoanza kunuka.

Wiki ile ile nilikwenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa ameshazeeka sana, mikono inatetemeka, hapaki tena hina, akiishi na mjukuu wake. Nilimweleza yote nikitarajia anitetee. Aliniuliza jambo moja tu. "Mabulushi wa mabinti watano? Wenye roshani?"

"Ndio."

"Nyumba ile ilivunjwa kitambo. Pana jengo refu sasa, chini wauza simu. Mabinti wote watano niliwapaka mimi. Na yaya wao namkumbuka, Mduruma, mrefu, mtaratibu." Akanitazama. "Wewe umemwonyesha nyumba ya nani?"

Sikujua. Mpaka leo sijui ile ni nyumba ya nani.

Nikamwambia labda tunyamaze, maana dada wa watu ameshatulia. Bi Zuhura akasema, "Ametulia yeye, au umetulia wewe?"

Nilipanda gari la Kinango. Mvua zilikuwa zimekataa mwaka ule na nilimkuta Mbodze nyumbani kwake ametoka kuchota maji mbali, anashusha madumu kutoka kwa punda. Alinifurahia sana. Akanitandikia mkeka, akaniletea maji ya kunywa, na kwa jinsi maji yalivyokuwa adimu kikombe kile kilikuwa kizito mkononi mwangu. Nilimwambia kabla sijanywa, maana ningekunywa kwanza nisingeweza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchanga nimeshaumwaga. Niliwaita na jamaa zangu, tukaomba dua, tukaumwaga."

"Nisamehe, dada yangu."

"Umenifanya nimdanganye mama."

Hakupandisha sauti. Aliinuka akaendelea kushusha madumu. Nikashika dumu moja nami, goti likiuma, nikalipeleka jikoni, naye hakunizuia wala hakunionyesha pa kuliweka. Tulishusha yote sita kimya. Nimewahi kutukanwa na wageni kwa lugha tano, lakini hakuna tusi lililoniingia kama kimya kile.

Dumu la mwisho lilipokaa nikamwambia kuna mwanamke mmoja aliye hai, aliyeingia nyumba ile na kumjua mama yake. Mbodze akaniuliza, "Huyo anasema kweli?"

"Ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Ni mimi sikufundishika."

Alikuja Mombasa wiki mbili baadaye, peke yake. Nilimpeleka kwanza pale palipokuwa na nyumba. Alisimama mbele ya duka la simu, kijana akamuuliza kwa ukarimu kama anataka kubadilishiwa kioo, akasema hapana, asante mwanangu. Hakuchota kitu. Akasema tu, "Haya, twende kwa huyo mama."

Bi Zuhura alikuwa ameketi kitandani, amevaa kanga safi kwa ajili ya mgeni. Mbodze akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea mwangani nikuone." Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Ndiye. Paji la uso ndilo hili hili. Mamako alikuwa ndiye akiwashika mikono mabibi harusi hina ikikauka, akiwalisha, akiwapepea. Mikono yangu hii na yake ilifanya kazi pamoja harusi tano."

Mbodze alisikiliza yote: mama yake alikuwa akila nini, akilala chumba kipi, akiimba wimbo gani wa Kiduruma akifua. Alitabasamu mara mbili. Halafu akatazama mikono yake, na nikajua kwamba sasa anauliza alichokuja kuuliza, na kwamba baraza na roshani na mchanga vyote vilikuwa njia ya kufika hapa.

"Mama, alikuwa akinitaja?"

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Bi Zuhura. Nikamkanyaga mguu kwa siri. Nilimaanisha: sema ndio, neno moja tu, linakugharimu nini? Mtu aliyekwisha kuungua mkono kama mimi, bado nikausogeza motoni.

Bi Zuhura akauvuta mguu wake.

"Hakukutaja," alisema. "Hata siku moja. Miaka yote ile sisi tulidhani hana mtoto."

Mbodze akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akiliogopa tangu utotoni. Nilitaka kumchukua nimtoe pale. Lakini Bi Zuhura alikuwa hajamaliza.

"Harusi ya binti wa tatu," akasema, "tuko uani, wanawake wengi, mimi napaka, yeye amebandika wali wa kundi zima kwenye makaa hapo hapo kando. Mama wa nyumba akamwuliza, kwa mzaha tu, hakuwa na ubaya, 'Yaya, wewe wawapenda hivi wanangu, huna wako?' Mamako hakujibu. Aliinuka akageukia ukuta, akasimama. Sisi twamtazama mgongo. Wali ukaanza kunuka pale miguuni pake naye hausikii. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyethubutu kwenda kuuepua. Uliungua mpaka sufuria ikatupwa. Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza tena, na mimi nikajua anaye, na kwamba hawezi kulitamka jina."

Mbodze akainua uso, akauliza kama asiyeamini.

"Wali uliungua?"

"Uliungua, mwanangu."

"Mama hakuunguza chakula maisha yake yote. Hata wiki aliyokufa, macho hayaoni, alikuwa akipika na hakiungui."

"Siku ile aliunguza," Bi Zuhura alisema. "Mtaa mzima ulisikia harufu."

Mbodze akalaza kichwa mapajani mwa Bi Zuhura, mwanamke wa miaka sitini, akalia kwa sauti. Bi Zuhura akamwekea mkono mgongoni, ule mkono unaotetemeka, akamwachia alie. Nami nilikaa pale pale, na sikuongeza neno.